Balbu za Gari Zinaungua Kila Mara? Pima Chaji Kabla ya Kununua Alteneta

Balbu ya taa kubwa ikifungwa vizuri kwenye gari lenye chaji timamu hudumu miezi mingi, hata kwa dereva anayelala barabarani kati ya Nakuru na Busia. Ukijikuta unabadilisha balbu kila baada ya wiki chache, leo ya kushoto, kesho ya breki, keshokutwa ile ndogo inayomulika namba nyuma, acha kuwalaumu wanaouza balbu. Mara nyingi gari la namna hiyo lina volti nyingi kupita kiasi, na volti hizo zinatoka kwenye mfumo wa chaji: alteneta inayozalisha umeme injini ikiwaka, regyuleta inayodhibiti volti zake, na nyaya zake.

Ukilipeleka kwa mafundi wa jua kali hapa Nakuru, au ukishuka nalo hadi Kibuye kule Kisumu, jibu la kwanza huwa lilelile: “Boss, alteneta imekwisha, tuweke ingine.” Kuna siku ni kweli. Lakini alteneta nyingi nzima hutolewa, inawekwa ya mtumba, na balbu zinaendelea kuungua vilevile kwa sababu kosa lilikuwa kwenye fyuzi ndogo au waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, uliooza. Alteneta hufuata inachoambiwa. Ikiambiwa betri iko chini, inapandisha volti, na haina njia ya kujua kwamba imedanganywa. Kazi yetu katika mwongozo huu ni kutafuta anayedanganya, kwa mita ya bei ya chini na subira kidogo.

Volti kidogo tu zinatosha kuua balbu

Watu wengi hudhani balbu ya volti 12 inaishi kwenye volti 12. Injini ikiwaka, mfumo wa gari la kawaida hukaa kati ya volti 13.8 na 14.5, na balbu zimetengenezwa zikijua hivyo. Balbu nyingi za halojeni hupimwa kiwandani kwa volti 13.2. Shida ni kwamba uzi ulio ndani ya balbu hauvumilii ziada. Kwa makadirio yanayotumiwa na watengenezaji, ukiongeza volti kwa asilimia 5 unapunguza maisha ya balbu kwa karibu nusu. Ongeza asilimia 10, yaani kutoka volti 14 hadi 15.4, na umebaki na kama robo hivi.

Ndiyo maana dereva hushangaa. Gari linawaka vizuri, taa zinang'aa kuliko za wenzake, hakuna taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi, halafu balbu zinakwisha. Kung'aa huko unakokusifia ndiko kunakoziua.

Kwanza isome balbu iliyokufa

Usiitupe. Ishike kwenye mwanga na uitazame vizuri, kwa sababu itakuambia mengi kabla hujafungua boneti.

Kioo kikiwa kimekuwa cheusi au kina rangi ya fedha kwa ndani, na ncha za uzi uliokatika zimeyeyuka zikawa vijipira vidogo, uzi huo uliungua ukiwa na joto kali. Balbu iliyozeeka kwa haki huonekana hivyo, na iliyopewa volti za ziada pia. Tofauti ni umri. Ikiwa umeifunga mwezi uliopita, mshukiwa ni chaji.

Kioo kikiwa safi kabisa na uzi umekatika tu kama waya uliovunjwa, huo ni mtikiso. Gari linalopita kila siku kwenye barabara za murram za ndani kabisa, lenye taa iliyolegea kwenye fremu yake, litavunja nyuzi za balbu hata chaji ikiwa sawa kabisa. Kaza taa kwanza.

Ukiona unga mweupe au wa manjano ndani ya kioo, hewa iliingia: kioo kina ufa, au balbu ilirushiwa maji ikiwa moto. Uvimbe kwenye kioo mara nyingi hutokana na mafuta ya vidole vya aliyeifunga. Na kama kioo kiko sawa lakini miguu ya balbu imebadilika rangi na plastiki ya holda (kishikio cha balbu) imeyeyuka, tatizo liko pale pale kwenye holda, mguso umelegea na unapika joto. Alteneta haihusiki hapo.

Kisha jiulize ni balbu zipi zinaungua. Upande mmoja tu, kila mara? Shughulika na upande huo: maji, holda, mtikiso. Zinaungua huku na huku, mbele na nyuma, hata taa za ndani? Hiyo ni chaji, na sasa unaweza kutoa mita.

Vifaa, na kuikagua mita yenyewe

Unahitaji mita ya dijitali, hata ile ndogo ya manjano inayouzwa kila duka la spea, spana ya namba 10, msasa laini, brashi ya waya, glavu na miwani ya kukinga macho. Vua pete na saa. Ukifanya kazi injini ikiwaka, weka mbali na mkanda kila kitu kinachoning'inia, na ukumbuke feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe bila kukuarifu.

Mita za bei nafuu zina tabia moja mbaya: betri yake ya volti 9 ikianza kuisha, inasoma juu kuliko ukweli. Fundi anaona 15.6 na kuhukumu alteneta, kumbe mita ndiyo mgonjwa. Kabla ya lolote, pima betri mpya ya tochi ya volti 1.5. Inafaa kusoma karibu 1.5 hadi 1.6. Ikisoma 1.9, badilisha betri ya mita kisha uanze upya.

Weka mita kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri, kipimo cha 20. Waya mweusi wa mita uende hasi, mwekundu uende chanya.

Hatua ya kwanza: betri ikiwa imelala

Pima asubuhi gari halijawashwa, au baada ya kupumzika saa kadhaa. Kama limetoka safari, washa taa kubwa kwa dakika mbili injini ikiwa imezimwa, zima, ngoja kidogo, halafu pima. Hapo unaondoa ile chaji ya juujuu inayopotosha kipimo.

Gusa vichwa vyenyewe vya betri, yaani ile risasi, usiguse vibano vilivyofungwa juu yake. Betri iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 ina kama robo tatu. 12.2 ni nusu. Chini ya 12 ni tupu au ina ugonjwa, na huwezi kupima chaji kwa haki ukitumia betri ya namna hiyo. Ichaji kwanza au azima nyingine.

Tazama pia maji yake kama ni betri ya kufunguliwa. Ukikuta maji yamekauka katika vyumba vyote kwa usawa, na betri imefura tumbo, na kuna harufu ya yai bovu, umeshapata ushahidi wa nusu ya kesi: betri hiyo imekuwa ikipikwa. Kwa joto la Kisumu maji hupungua haraka kuliko Nakuru, lakini hayapungui kwa wiki chache hadi sahani zikaonekana. Ukiongeza, ongeza maji yaliyokenekwa peke yake. Ile asidi ya chupa si ya kujazia. Na sigara ikae mbali, kwa sababu betri inayopikwa hutoa hidrojeni, na hidrojeni hulipuka.

Hatua ya pili: washa injini

Mita ikiwa bado kwenye vichwa vya betri, washa injini na uiache itulie bila kukanyaga mafuta. Zima taa, feni na redio. Ngoja dakika moja, usome. Kisha mwambie mwenzako akanyage hadi mizunguko 2,000 kwa dakika na aishike hapo. Soma tena. Mwisho washa taa kubwa, feni ya ndani na waipa, na usome ukiwa bado kwenye 2,000. Andika namba zote tatu kwenye karatasi, usitegemee kichwa.

Ukibaki kati ya 13.8 na 14.5 mara zote tatu, chaji ni njema, na balbu zako zinauawa na jambo lingine. Asubuhi ya baridi ya Molo au Timboroa usishangae kuona 14.6 au 14.7 kwa dakika chache za mwanzo. Regyuleta nyingi huruhusu volti zaidi kukiwa na baridi na huzishusha injini inapopata moto. Kwa hiyo hukumu ya mwisho itolewe injini ikiwa moto.

Injini ikiwa moto na bado unaona zaidi ya 14.8, kuna jambo. Zaidi ya 15, usitafute shahidi mwingine. Na ikiwa namba inapanda kadiri unavyokanyaga, 15, 16, 17, bila kusimama popote, zima gari. Usiliendeshe hadi Eldoret ukisema utaangalia huko. Kwenye volti hizo, kompyuta ya injini inaweza kufuata balbu kaburini, na bei yake si ya balbu.

Kuna magari ya miaka ya karibuni ambayo kompyuta ndiyo inayoamua chaji. Utayatambua kwa kijisanduku kidogo kilichoshikiliwa kwenye kibano cha hasi cha betri, chenye plagi ya nyaya nyembamba. Hayo yanaweza kusoma 12.8 sasa na 14.7 baada ya dakika, na yote ni kawaida. Mengi yao hutulia ukiwasha taa kubwa, basi yapime taa zikiwa zinawaka. Bado, kupita 15 si kawaida kwa gari lolote la volti 12.

Neno kwa wale watakaoambiwa “ni brashi za kaboni” au “ni mkanda umelegea”: vyote viwili hupunguza chaji. Brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya alteneta, zikiisha, alteneta hushindwa kuchaji. Mkanda ukiteleza, volti zinashuka na unasikia ukilia. Fundi anayetaka kubadilisha mkanda ili balbu zisiungue anauza mkanda.

Hatua ya tatu: pima sehemu tatu, linganisha

Hapa ndipo wengi huruka, na hapa ndipo pesa hupotea. Injini ikiwa kwenye 2,000 na taa kubwa zikiwaka, pima:

Kwanza, nyuma ya alteneta. Waya mwekundu wa mita kwenye ile nati nene iliyofungwa waya mnene, waya mweusi kwenye mwili wa alteneta yenyewe.

Pili, vichwa vya betri, kama ulivyofanya awali.

Tatu, kwenye taa. Balbu ikiwa imechomekwa na inawaka, ingiza ncha za mita nyuma ya plagi ya taa, mguu wa moto (unaoleta umeme) na mguu wa ethi.

Sasa zitazame namba tatu. Ikiwa alteneta na betri zinasoma juu na karibu sawa, tuseme 15.6 na 15.5, njia kati yao ni nzima. Regyuleta ama imekufa ama inadanganywa. Usiinunue bado, soma hatua inayofuata.

Ikiwa alteneta inasoma 15.7 lakini betri inasoma 14.2, kuna umeme unaopotea njiani. Alteneta inahangaika kuifikishia betri kiasi chake kupitia waya mbovu, na mzunguko wowote unaochukua moto upande wa alteneta unapigwa na volti zile za juu. Nimependa kosa hili kwa sababu linawashinda wanaopima betri tu: betri inasema kila kitu ni sawa.

Ulipate lilipo kwa kupima upotevu moja kwa moja. Weka ncha moja ya mita kwenye nati ya nyuma ya alteneta na nyingine kwenye kichwa chanya cha betri. Mita itaonyesha tofauti tu. Isizidi 0.3 hivi. Kisha ncha moja kwenye mwili wa alteneta, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri: isizidi 0.2. Kisha kichwa hasi cha betri na chuma cha bodi: isizidi 0.1. Popote namba inaporuka, hapo ndipo pa msasa na spana. Fuata waya kutoka mwisho hadi mwisho, fungua kila kiungo, sugua hadi chuma king'ae, kaza, pima tena.

Ukikuta taa inasoma chini ya betri kwa nusu volti, ni kawaida. Ikisoma chini kwa volti nzima au zaidi, taa zitakuwa hafifu na holda itapata moto, lakini hiyo haiunguzi uzi. Anayesema balbu iliungua kwa sababu ya ethi mbovu ya taa amechanganya mambo. Ethi mbovu ya taa hufifisha. Ethi mbovu ya alteneta au ya regyuleta ndiyo inayounguza.

Hatua ya nne: waya unaopeleka habari

Regyuleta lazima ipime volti kutoka mahali fulani ili ijue lini ipunguze. Nyingine hupima nyuma ya alteneta palepale. Nyingine, na Toyota nyingi zilizojaa barabara zetu ziko hivi, zina waya mwembamba unaokwenda hadi betri kupitia fyuzi. Tazama plagi ndogo nyuma ya alteneta: utaona herufi IG, S na L zimepigwa chapa kwenye plastiki, huku B ikiwa ile nati nene. S ndio waya wa habari. IG hupata moto ukifungua ufunguo. L huenda kwenye taa ya betri ya dashibodi.

Waya wa S ukipoteza volti njiani, regyuleta inaona pungufu na kuongeza kiasi kilekile kilichopotea. Hesabu ni rahisi hivyo.

Chukua mfano wa Toyota Probox inayobeba maziwa kutoka Molo hadi Nakuru alfajiri, iliyokwisha kubadilishiwa alteneta na bado inakula balbu za mbele. Betri ikiwa imelala inasoma 12.5. Injini ikiwaka, kwenye vichwa vya betri ni 15.4. Nyuma ya alteneta 15.5, kwa hiyo waya mnene hauna neno. Unaingiza ncha ya mita nyuma ya mguu wa S bila kuchomoa plagi: 14.1. Kumbe regyuleta inafanya kazi yake kikamilifu, inalinda 14.1 inayoiona. Volti 1.3 zimepotea kati ya betri na mguu huo. Unafungua sanduku la fyuzi, unatafuta iliyoandikwa ALT-S, unaichomoa. Uzi wake ni mzima, na ndiyo maana aliyeitazama kwa jicho aliirudisha. Lakini miguu yake ina ukungu wa kijani, na ndani ya tundu lake pia, pale maji yalipokuwa yakiingia kila gari lilipooshwa kwa presha. Safisha tundu kwa msasa uliokunjwa, weka fyuzi mpya ya ampea zilezile, washa, pima. 14.2. Fyuzi ya bei ya chai, na alteneta ya mtumba imeshalipiwa.

Kuipima kwako ni hivyo hivyo. Injini ikiwa imezimwa, mguu wa S ulingane na betri. Injini ikiwaka, vilevile. Tofauti ikizidi 0.2, fuata waya. Tingisha plagi huku ukitazama mita, kwa sababu waya uliokatika ndani ya ngozi yake hushika na kuachia. Ukikuta mtu amechanja waya huo na kuunganisha kengele, taa za mapambo au chaja ya simu, vitoe vyote. Waya wa habari haubebi mizigo.

Magari ya zamani yenye regyuleta iliyofungwa pembeni kwenye bodi yana ugonjwa wake. Regyuleta ya namna hiyo hutegemea mwili wake kugusa chuma. Kutu ikiingia chini yake au skrubu ikilegea, inapoteza ethi na kufungulia alteneta nguvu zote. Mengine hupima volti kupitia swichi ya ufunguo, na swichi iliyochakaa hula volti kama tulivyoona kwenye fyuzi. Piga msasa chini ya regyuleta, vuta waya wa ethi kutoka mwili wake hadi hasi ya betri, upime kabla na baada.

Nyaya zote zikiwa nzima, S inasoma sawa na betri, ethi ni safi, na bado unaona 15.5 na kupanda, sasa unaweza kuihukumu regyuleta. Ndani yake kuna swichi ya elektroniki iliyoungana moja kwa moja na haikati tena.

Dayodi na betri iliyolegea

Weka mita kwenye volti za AC, kipimo cha chini kabisa kilichopo, ncha kwenye vichwa vya betri, injini ikiwaka na taa zikiwaka. Alteneta yenye afya itasoma karibu sifuri, chini ya 0.1. Zaidi ya 0.5 ina dayodi mbovu, yaani vile vipande ndani yake vinavyogeuza umeme wa AC kuwa DC. Lakini ile mita ndogo ya manjano inaweza kukutisha: kwenye AC, baadhi yake husoma maradufu ya volti za betri ukiweka ncha upande mmoja, na sifuri ukizigeuza. Ukiona 28 hivi kwenye betri ya 12, geuza ncha. Ikianguka sifuri, hiyo ni mita isiyofaa kwa kipimo hiki, azima nyingine. Dayodi mbovu mara nyingi hutambulika pia kwa redio kulia wimbo unaopanda kadiri unavyokanyaga mafuta, na kwa betri kulala ikiwa imejaa na kuamka tupu. Balbu za kawaida huzivumilia volti hizo za AC, taa za LED hazizivumilii.

Kibano cha betri kilicholegea ni hatari zaidi ya hapo. Betri ndiyo inayomeza mishtuko ya volti. Ikipoteza mguso kwa sekunde wakati alteneta inachaji kwa nguvu, volti zinaweza kuruka hadi makumi. Shika kibano kwa mkono na ujaribu kukizungusha. Kikizunguka, umepata kosa. Kipande cha bati la soda kilichochomekwa kando ya kibano kisihesabiwe kuwa matengenezo.

Hapo ndipo tunafika kwenye ile desturi ya gereji.

“Fundi, alteneta iko sawa?”

“Ngoja nitoe kichwa cha betri, mzee. Injini isipozima, basi iko sawa.”

Kataa. Jaribio hilo lilikuwa la magari yenye dinamo, mtambo wa kuchaji wa zamani, yasiyokuwa na kompyuta. Leo, kutoa betri injini ikiwaka ndiyo njia ya haraka ya kuunguza balbu zilizowashwa, regyuleta nzima, redio na kompyuta kwa pamoja. Na halikuambii chochote ambacho mita haikuambii kwa usalama.

Kama gari lako ni la volti 24

Kwenye malori yanayopanda kutoka Salgaa kwenda Mau Summit, hatua ni hizohizo, namba ndizo zinazidishwa karibu mara mbili. Chaji nzuri ni kati ya 27.6 na 28.8. Ukipita 30 simama.

Kosa linalojirudia kwenye malori ni kuchukua volti 12 za redio, chaja au taa za ziada kutoka kwenye betri moja kati ya mbili. Alteneta inaona jumla ya betri mbili, haioni kila moja. Ile inayonyonywa inabaki chini, mwenzake anapikwa. Pima kila betri peke yake injini ikiwaka. Zikitofautiana kwa zaidi ya nusu volti, hapo ndipo. Na ikitokea ethi ya ile betri ya chini ikalegea, vifaa vya volti 12 vilivyoning'inizwa hapo hupata volti nyingi kuliko kipimo chake, na vinaweza kufa papo hapo. Nunua kibadilishi cha 24 kwenda 12, ukifunge, uachane na ujanja huo. Soma pia maandishi kwenye kitako cha kila balbu, kwa sababu balbu ya 12 na ya 24 zinafanana kabisa dukani.

Ukinunua regyuleta, na ukifunga balbu

Mara nyingi regyuleta huuzwa pamoja na kishikio cha brashi na hubadilishwa bila kununua alteneta nzima. Fungua ya zamani uende nayo dukani. Usikubali “hii inaingia”. Linganisha herufi za miguu, idadi yake na mahali pa skrubu. Unapoifungua alteneta, tenganisha hasi ya betri kwanza, maana ile nati nene nyuma ina moto wakati wote hata ufunguo ukiwa mfukoni. Zile pete mbili za shaba ambazo brashi hugusa zikiwa zimechimbika mtaro, regyuleta mpya haitadumu. Hapo fundi wa rotori, ile sehemu inayozunguka ndani ya alteneta, ana kazi.

Baada ya kurekebisha, rudia hatua ya pili yote: imetulia, 2,000, na mizigo. Liendeshe gari hadi lipate moto vizuri, upime tena. Kama betri ilipikwa kwa muda mrefu, ichaji, ilaze usiku mmoja, uone kama asubuhi inashika 12.6.

Balbu ndizo za mwisho kununua, na ununue mbili za mbele kwa pamoja, kwa sababu ile inayowaka bado ilipigwa volti zilezile na mwenzake. Zishike kwa kitako au kwa kitambaa safi, kioo kisiguswe. Ukikigusa, kipanguse kwa spiriti. H4, balbu ya taa kubwa yenye nyuzi mbili, kwa kawaida ni wati 60 na 55. Achana na zile za 100 na 90, waya na holda ya gari havikutengenezewa mzigo huo na zitayeyusha plastiki hata chaji ikiwa 14.0. Hakikisha kifuniko cha mpira nyuma ya taa kimekaa mahali pake, kisha simamisha gari mbele ya ukuta usiku, mita kadhaa hivi, uone taa zote mbili zinapiga usawa mmoja kabla hujamulikia wenzako barabarani.